Mng'oe Nyoka Meno

Unaniuliza nilisomea wapi kupigana.
Nyuma ya kiwanda cha barafu, mjini Cebu,
kwenye sakafu ya saruji isiyokauka
na paka mmoja mwenye sikio nusu.
Hapakuwa na kioo, wala bendera, wala mkanda wa rangi.
Palikuwa na tairi la lori, limening'inizwa kwa mnyororo,
na Nong Crispulo, mpasua barafu,
mtu wa kandambili, kazini na vitani.

Miezi mitatu hakunipa fimbo.
Alinipa ndoo.
"Beba," akasema, "toka kona hii hadi ile,
usimwage, na usitazame miguu."
Nilidhani ananitumikisha,
na kweli alikuwa ananitumikisha:
barafu ilitaka maji, na mimi nilikuwa bure.
Lakini siku aliponirushia henzirani
miguu ilikwisha kujua pembetatu zake,
imejifunza bila kunishirikisha.

Henzirani: inchi ishirini na nane,
imebabuliwa motoni ikawa rangi ya asali iliyoungua.
Mapigo kumi na mawili, kila pigo na njia yake,
nami nikayahesabu hata usingizini.
Mke wangu Nenita alihamia mkekani
usiku ambao la tano lilimpata begani.

"Anayekujia na kisu," Nong alisema,
"usimtafute kifuani. Huko kuna mbavu, na nyuma ya mbavu kuna mahakama.
Kichwa ni cha mama yake, mwachie.
Tafuta mkono.
Mkono ndio jino la nyoka,
na nyoka asiye na meno ni mshipi tu."

Akaja kijana wa chuo, Jonel Abarquez,
teke lake lilipaa hadi kwenye globu ya dari.
Tulipiga makofi.
Nong alisubiri mguu ushuke,
akaukanyaga kidole gumba, taratibu,
kama mtu anayezima sigara.
"Teke zuri," akasema. "Lakini sakafu ina maji."

Mimi sasa ni mlinzi wa usiku, bohari ya mchele, gati la tatu.
Miaka kumi na tisa, na nimepigana mara mbili.
Ya kwanza nilishinda, yakanitoka meno mawili;
niliyatafuta kwa tochi hadi alfajiri, sijui kwa nini.

Ya pili ilikuwa Desemba, mvua, saa nane za usiku.
Kijana, kisu cha kupasulia samaki,
na mkono unaotetemeka.
Hapo ndipo nilipoogopa.
Mkono unaotetemeka hauna njia,
haumo katika yale kumi na mawili.
Fimbo ilikuwa ukutani, hatua sita.
Mkononi nilikuwa na kikombe cha kahawa.
Nikaimwaga, si usoni: vidoleni.
Kisu kikalia chini, nikakipiga teke kikaingia uvunguni mwa lori,
kisha nikakimbia.
Ndiyo, nilikimbia, na kitambi changu,
kandambili zikinizomea nyuma
hadi kwenye taa ya langoni.
Nilipogeuka alikuwa amechuchumaa,
anapuliza vidole
kama mtoto aliyegusa sufuria.

Asubuhi nyumbani kwetu palikuwa na kicheko.
Nenita alinifanya nirudie mbio zile mara tatu, mbele ya majirani.

Nikaenda kwa Nong, nikitaraji walau neno moja.
Alinisikiliza huku akipasua barafu.
"Mlango ulikuwa upande gani?"
"Nyuma yangu."
"Ulikuwa wazi?"
"Wazi."
"Basi kahawa umeimwaga bure."

Vifundo vya mkono huu wa kulia havifungi tena vifungo vya shati.
Mvua ikikaribia, vinajua kabla ya redio.
Hilo nalo ni somo, ila hakuna aliyenitajia ada yake.

Unataka nikuonyeshe la kwanza?
Vua viatu hivyo vya bei.
Ndoo ile pale.